Rangi, ngozi na simbilisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upimaji wa mzio kwa wanyama

Ninafundisha mafunzo mafupi ya usalama wa kemikali kwa wenye saluni na watengeneza batiki wa Mbeya, wasukaji wa vikapu wa Iringa na wanafunzi wa maabara. Tunaanza na glavu na vipimo vya kuchanganyia, lakini swali huzaa swali, na karibu kila mara tunaishia kwa simbilisi. Sishangai. Huku nyanda za juu simbilisi ni mnyama wa nyumbani. Wengi tumekua tukisikia vilio vyao vyembamba karibu na mafiga kila mtu alipoingia jikoni na fungu la majani. Mtu akisikia kwamba mnyama huyohuyo ndiye aliyepakwa rangi maabara ili yeye ajue kama itamdhuru, anataka kujua habari yote. Nimeyapanga maswali kuanzia yale mepesi, na pale jibu lilipo mahali pengine nimeelekeza namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mzio wa ngozi una tofauti gani na kuunguzwa na kemikali?

Kemikali kali inaunguza ngozi ya yeyote. Dawa ya kulainisha nywele ikikaa kichwani kupita muda wake itamuunguza mteja wa kwanza na wa mia, na maumivu huanza hapohapo. Huo ni mwasho wa moja kwa moja, na kinga ya mwili haijahusika.

Mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, unakwenda kwa njia nyingine. Molekuli ndogo ya kemikali inapenya ngozi na kushikamana na protini za mwili. Seli za ngozi ziitwazo Langerhans zinaichukua na kuipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli T za kinga zinajifunza kuitambua kama adui. Somo hilo huchukua kama siku 10 hadi 14, na kwa nje huoni chochote. Baada ya hapo, hata kiasi kidogo cha kemikali ileile kikigusa ngozi, uwekundu, uvimbe, mwasho na malengelenge huja ndani ya saa 24 hadi 72.

Ndiyo maana nasikia kila mara, "Nimetumia rangi hii miaka mitano, haiwezi kuwa yenyewe." Inaweza. Mafundi waashi wanalijua hili kwa simenti: mtu anashika ujenzi miaka, siku moja mikono inapasuka, na chanzo ni kromiamu iliyomo ndani ya simenti. Wavunaji wa pareto nao wapo wanaotokwa na upele mikononi na usoni kila msimu wa maua.

2. Rangi ya unga na rangi inayoyeyuka, zote zinaleta mzio?

Kitaalamu ni vitu viwili. Pigmenti ni chembe za rangi zisizoyeyuka katika maji wala mafuta; zinakaa juu ya kitu kama vumbi lililogandishwa. Oksidi za chuma (zile nyekundu na za njano), titani dioksidi nyeupe na kaboni nyeusi ni pigmenti. Rangi za kutia nguo au nywele, kwa kawaida, zinayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi.

Chembe isiyoyeyuka haipenyi ngozi nzima kirahisi, kwa hiyo pigmenti nyingi safi hazina rekodi kubwa ya mzio. Tatizo ni kwamba safi ni nadra. Pigmenti hutengenezwa kwa kemikali nyingine, na mabaki ya kemikali hizo, hasa zile ziitwazo amini ambazo hazikumalizika kuungana, yanaweza kubaki ndani ya unga, yakayeyuka kwenye jasho na kupenya. Pigmenti za kromati, kama zile za njano za zamani zenye risasi, zina kromiamu ileile inayowasumbua waashi. Kwa hiyo swali la kuuliza si jina la rangi tu. Uliza pia kundi gani la kiwandani lilipimwa, na lilikuwa na usafi kiasi gani.

3. Nani alianza kupima mzio wa ngozi kwa wanyama?

Miaka ya 1930 Karl Landsteiner, mwanasayansi yuleyule aliyegundua makundi ya damu, alionyesha pamoja na mwenzake John Jacobs kwamba kemikali rahisi za maabara zinaweza kumfanya simbilisi awe na mzio. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa Marekani waliweka utaratibu wa kupima sumu za ngozi. Edwin Buehler alileta njia ya vibandiko mwaka 1965, na mwaka 1969 Bertil Magnusson na Albert Kligman wakachapisha njia ambayo ilikuja kuwa kipimo kikuu duniani. OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, liliziingiza njia hizi katika mwongozo wake namba 406, uliotoka 1981 na kurekebishwa 1992.

4. Kwa nini simbilisi, asiwe sungura au kuku?

Kwa sababu ngozi ya simbilisi inapata mzio wa kuchelewa unaofanana na wa binadamu, na unaonekana kwa macho: panakuwa pekundu, panavimba. Wanaotumika ni weupe, ili wekundu usijifiche. Hawa wetu wa Njombe na Iringa wenye madoa meusi na kahawia wasingefaa kwa hilo peke yake, achilia mbali sababu nilizozieleza katika swali la 14.

Jambo moja ambalo mfugaji yeyote anapaswa kulijua: simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Mwongozo wa maabara unadai apewe ya kutosha katika chakula. Mnyama aliyedhoofu kwa kukosa majani mabichi hawezi kutoa jibu la kuaminika kuhusu rangi yoyote.

## Jaribio lenyewe

5. Jaribio la Magnusson na Kligman linafanyika vipi, hatua kwa hatua?

Linachukua zaidi ya wiki tatu, na lina sehemu mbili: kuiamsha kinga, kisha kuichokoza.

Kabla ya yote, simbilisi wachache wa pembeni hutumika kutafuta kipimo: ni nguvu gani ya rangi inaleta mwasho mdogo, na ni nguvu gani ya juu kabisa haileti mwasho wowote. Bila hatua hii jaribio zima ni bure, kwa sababu mwishoni hutajua kama wekundu ni mzio au ni kuunguzwa tu (swali la 1).

Siku ya kwanza, manyoya ya mabegani hunyolewa na mnyama hudungwa sindano tatu kila upande, kila moja ikiwa na mililita 0.1 tu, ndani ya ngozi. Sindano moja ina kiamsha kinga cha Freund, ambacho ni mafuta yenye bakteria waliouawa wa jamii ya kifua kikuu. Nyingine ina rangi inayopimwa, na ya tatu ina vyote viwili. Kiamsha kinga kazi yake ni kuipigia kinga kengele kwa nguvu kuliko ilivyo kawaida. Baada ya takriban wiki moja, palepale mabegani huwekwa karatasi ya kuchuja ya sentimita 2 kwa 4 iliyopakwa rangi, ikafungwa kwa saa 48. Kama rangi haiwashi kabisa, siku moja kabla ngozi hupakwa sodiamu lauri salfeti ya asilimia 10 ndani ya vaselini ili ichokozeke kidogo.

Kisha wanaachwa wiki mbili. Hizo ndizo siku za somo nililolitaja juu.

Karibu na siku ya 21 huja uchokozi. Kibandiko chenye rangi, kwa nguvu ile isiyowasha, huwekwa ubavuni mahali ambapo hapajawahi kuguswa, kwa saa 24. Kinatolewa, panasafishwa, na ngozi inasomwa mara mbili: saa 48 na saa 72 tangu kibandiko kilipowekwa. Kundi la kulinganishia linapitia kila kitu hicho, sindano na vibandiko, ila rangi yenyewe linakutana nayo mara ya kwanza siku ya uchokozi. Kama hao nao wamekuwa wekundu, basi rangi inawasha tu.

Mwongozo unataka angalau wanyama 10 wa kupimwa na 5 wa kulinganishia. Jibu likiwa na utata, wanaongezwa wafike 20 na 10.

6. Je, kuna njia isiyo na sindano?

Ipo ya Buehler. Vibandiko vya saa 6 huwekwa mara tatu, wiki baada ya wiki, na uchokozi hufanyika karibu na siku ya 28. Hakuna kiamsha kinga, kwa hiyo mnyama anapata taabu ndogo zaidi, lakini njia yenyewe haina makali ya kugundua mzio hafifu. Inatumia wanyama 20 na 10 wa kulinganishia.

7. Rangi yenyewe inaipaka ngozi. Sasa wekundu wa mzio wanauonaje?

Hili ndilo swali bora kuliko yote ninayoulizwa, na aliyeniuliza mara ya kwanza alikuwa mama mmoja anayetia rangi milulu ya kusukia vikapu. Alinyoosha viganja vyake, vyekundu hadi kwenye mistari, akasema, "Mwalimu, hapa utajua ipi ni aleji na ipi ni rangi?"

Ndipo ugumu wa kupima pigmenti ulipo. Rangi nyekundu ikibaki kwenye vinyweleo vya ngozi, msomaji anaweza kuhesabu mzio ambao haupo. Bluu, kijani au nyeusi ni hatari kwa upande wa pili: inaufunika wekundu, na rangi yenye madhara inapita kama malaika. Maabara makini inafanya mambo kadhaa. Inasafisha kwa maji ya uvuguvugu au kiyeyusho kisichobadilisha hali ya ngozi, na kunyoa upya kama saa tatu kabla ya kusoma. Inachagua nguvu ndogo zaidi ya rangi kwa uchokozi, mradi isiwe ndogo hadi kupoteza maana. Inapima unene wa mkunjo wa ngozi kwa kikalipa, kwa sababu uvimbe haufunikwi na rangi. Inagusa kwa kidole. Ngozi yenye mzio ni ngumu na ya moto kidogo ukilinganisha na jirani yake. Na pale utata unapobaki, inachukua kipande kidogo cha ngozi na kuangalia kwa hadubini kama seli za kinga zimejaa.

Wiki moja hivi baadaye uchokozi unaweza kurudiwa ubavu wa pili, ili kuthibitisha. Ukipata ripoti ya rangi ya bluu au nyeusi isiyosema lolote kuhusu jinsi madoa yalivyoshughulikiwa, mimi nisingeiamini.

8. Matokeo yanahesabiwa vipi?

Kila mnyama anapewa alama 0 hadi 3. Sifuri ni hakuna badiliko. 1 ni wekundu hafifu au wa madoadoa. 2 ni wekundu wa wastani ulioungana. 3 ni wekundu mkali pamoja na uvimbe. Katika jaribio lenye kiamsha kinga, angalau asilimia 30 ya wanyama wakionyesha mzio, kemikali inaandikwa kuwa inaleta mzio wa ngozi. Kwa Buehler ni asilimia 15. Yaani kati ya 20, ni 6 kwa njia ya kwanza na 3 kwa ya pili.

Maabara pia inatakiwa kujipima kila miezi sita kwa kemikali inayojulikana kuleta mzio, mfano merkaptobenzothiazoli. Ikishindwa kuiona hiyo, majibu yake mengine hayana uzito.

9. Nimesikia siku hizi wanatumia panya. Ni kweli?

Ni kweli, njia hiyo iliingia katika miongozo ya OECD mwaka 2002, namba 429. Rangi hupakwa juu ya masikio ya panya wadogo, mikrolita 25 kila sikio, siku tatu mfululizo. Siku ya sita wanadungwa kemikali yenye mnururisho inayoingia katika seli zinazogawanyika, na saa tano baadaye wanauawa ili tezi za karibu na masikio zipimwe. Seli zikiwa zimeongezeka mara tatu au zaidi ya kundi la kulinganishia, jibu ni ndiyo. Mwaka 2010 zilikuja njia mbili zisizohitaji mnururisho.

Kwa pigmenti faida yake iko wazi: hakuna anayesoma wekundu, kwa hiyo madoa hayadanganyi macho. Hasara ni kwamba unga usioyeyuka unabaki juu ya sikio, na jibu la "hapana" laweza kuwa na maana kwamba haikuingia tu.

10. Wanyama wanaumia?

Ndiyo. Sitaki kulipamba hili. Sindano za kiamsha kinga huacha uvimbe na mara nyingine vidonda mabegani, na mnyama mwenye alama 3 ubavuni anawashwa kama wewe ungewashwa. Mwisho wa jaribio kwa kawaida wanauawa. Ndiyo maana mwongozo unataka njia ya panya au ile isiyo na wanyama ifikiriwe kwanza (swali la 13), na ndiyo maana nakasirika ninapoona mtu amepewa ripoti iliyogharimu wanyama thelathini akaitupa kwenye droo bila kuisoma.

## Kusoma karatasi ya usalama

11. Karatasi imeandika "haikusababisha mzio kwa simbilisi." Nimeshasalimika?

Umepata habari njema, ila haijakuhakikishia kila kitu. Angalia mambo matatu: ni njia ipi ilitumika, wanyama wangapi, na rangi ilikuwa na nguvu gani.

Chukua hesabu hii. Tuseme rangi fulani ingemshika mnyama mmoja katika kila kumi. Ukiwapima 20, bado kuna nafasi ya takriban 12 katika 100 kwamba wote ishirini watatoka safi. Ukiwapima 10 tu, nafasi hiyo inakuwa karibu 35 katika 100. Kiamsha kinga kinasaidia kwa kuongeza makali ya jaribio, lakini saluni ya Mwanjelwa inaweza kupokea wateja mia kadhaa kwa mwaka.

Na rangi iliyopimwa peke yake siyo rangi uliyochanganya na "devolopa", manukato na kihifadhi.

12. Kopo limeandikwa halijajaribiwa kwa wanyama. Je, ni salama zaidi au ni hatari zaidi?

Maneno hayo peke yake hayakuambii lolote kuhusu mzio. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kujaribu vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, viambato vyake mwaka 2009, na tangu Machi 2013 hairuhusiwi hata kuuza huko kipodozi kilichojaribiwa hivyo kwa ajili ya kutimiza sheria ya vipodozi. Lakini viambato vingi vilipimwa miaka ya nyuma, na kemikali za viwandani, zikiwemo pigmenti za plastiki na magari, ziko chini ya sheria nyingine. Heshima kwa wanyama ni jambo jema. Usalama wa ngozi yako utafute kwenye orodha ya viambato.

13. Njia zisizotumia wanyama zinafanyaje kazi, na zinafaa kwa pigmenti?

Zinafuata hatua zilezile za mzio, moja moja, ndani ya chupa. Ya kwanza inaangalia kama kemikali inashikamana na vipande vya protini. Ya pili inatumia seli za ngozi zilizopandikizwa jeni inayotoa mwanga zikisumbuliwa. Ya tatu inaangalia kama seli za kinga zimeamka. Ziliingia katika miongozo ya OECD mwaka 2015 na 2016, na mwaka 2021 mwongozo namba 497 ukaruhusu kuunganisha majibu yake kwa kanuni maalumu, bila mnyama hata mmoja.

Kwa pigmenti, tatizo la swali la 7 linarudi kwa mlango mwingine. Vifaa hivi vinasoma kwa mwanga, na rangi nzito inaumeza mwanga. Unga usioyeyuka nao haushuki kwenye seli inavyotakiwa. Kwa hiyo jibu la "ndiyo" lina uzito, la "hapana" linahitaji ushahidi mwingine pembeni. Pamoja na hayo, ningependa tuanze huku kila mara.

## Huku kwetu

14. Ninatengeneza rangi yangu. Naweza kuijaribu kwa simbilisi wangu nyumbani?

Hapana. Naulizwa hili kwa nia njema kabisa, na wafugaji wa simbilisi ndio wanaouliza zaidi, kwa hiyo acha nieleze.

Kwanza, hutapata jibu. Huna kundi la kulinganishia, hujui kipimo kisichowasha, mnyama wako ana madoa, analala kwenye majivu na nyasi, na ukimpaka atajiramba. Ngozi ikiwa nyekundu hutajua sababu. Isipokuwa nyekundu, hutajua chochote pia. Pili, ni mateso yasiyo na faida, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu ya msingi. Tatu, simbilisi huyo ataishia kwenye sufuria, na mtoto wako atakula rangi.

Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa aina hii aanzie kwenye kamati ya maadili ya chuo chake, na aende na majibu ya kanuni tatu za wanasayansi Russell na Burch za mwaka 1959: unaweza kutomtumia mnyama kabisa? Kama huwezi, unaweza kutumia wachache zaidi? Na hao wachache, utawapunguzia vipi maumivu?

15. Hina ni ya asili. Nayo inahitaji kupimwa?

Hina halisi inatoa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, inachukua saa kadhaa kushika, na mara chache sana inaleta mzio. Piko nyeusi ni habari nyingine. Weusi ule mara nyingi unatokana na parafenilinidiamini, kifupi PPD, kemikali ya rangi za nywele na moja ya visababishi vikali vya mzio wa ngozi vinavyojulikana, kwa simbilisi na kwa watu. Ulaya inairuhusu kwenye nywele kwa kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganya, na hairuhusu kuipaka ngozini kabisa. Kwenye kibakuli cha piko hakuna anayepima.

Mdogo wangu alichorwa maua ya piko mikononi siku nne kabla ya sendoff yake. Siku ya tatu ua likaumuka. Kila jani, kila kikonyo, kiliinuka juu ya ngozi kama kimetariziwa kwa uzi mnene, na majimaji yakawa yanatoka kwenye mistari. Alivaa glavu za lesi ukumbini kuficha. Uvimbe uliisha baada ya wiki kadhaa. Mchoro wake ulibaki kwa weupe miezi mingi. Aliyemchora alisema ni hina ya asili, na nadhani hata yeye aliamini hivyo.

Ikishika weusi ndani ya saa moja, usiiguse.

16. Basi nifanye nini kabla ya kumpaka mteja rangi ya nywele?

Fuata maelekezo ya kopo: mengi yanataka kupaka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla. Mteja wa kutoka Tukuyu atalalamika kuja mara mbili. Mweleze sababu, mwonyeshe picha. Muulize pia kama amewahi kuchorwa piko na kama ilimwasha. Akisema ndiyo, usimpake hata tone la majaribio, mwelekeze hospitali.

Kipimo cha uhakika hufanywa na daktari wa ngozi: vibandiko vya kemikali zinazojulikana huwekwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, na ngozi husomwa tena siku moja au mbili baadaye. Ukitazama vizuri utaona ni uchokozi uleule wa swali la 5, ila safari hii mwenye ngozi ndiye anayejipatia jibu lake mwenyewe. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kwa Mbeya anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda uombe kuelekezwa.

17. Glavu zozote zinatosha?

Tumia za nitraili, zibadilishe kila mteja. Za mpira wa kawaida zinaweza kuwa na merkaptobenzothiazoli, ileile ambayo maabara huitumia kujipima (swali la 8). Nimekutana na msusi aliyetupa rangi zote za saluni yake kumbe adui ni glavu.

18. Niende ofisi gani nikiwa na shaka na rangi?

Kipodozi, ikiwemo rangi ya nywele, ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kemikali ya viwandani, kama unga wa rangi unaouzwa kwa kilo, ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wana ofisi ya kanda Mbeya. Nenda na kopo lenyewe, usitupe lebo.

## Visa vya pembeni

19. Niliwapaka kondoo wangu rangi ya alama, ngozi ikavimba. Ni mzio?

Huenda, lakini anza kwa kuangalia mahali. Kama uvimbe umeishia palepale ilipo rangi na ulianza siku hiyohiyo, pengine ni mwasho wa moja kwa moja, hasa kama ulitumia rangi ya mafuta ya nyumba iliyochanganywa na petroli au thina. Kama mara ya kwanza hakukuwa na shida na safari hii umekuja siku ya pili au ya tatu, mzio unawezekana. Kama na masikio, pua na kope zimevimba, na ngozi nyeupe ndiyo iliyoathirika, usiilaumu rangi: kondoo aliyekula lantana ini huharibika na jua linamchoma. Huyo mweke kivulini leo na umwite afisa mifugo.

Kwa vyovyote, osha kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu. Usiongeze petroli kutoa rangi.

20. Rangi imepimwa ngozini haina shida. Naweza kuitumia kwa tatuu?

La. Ngozi nzima ni ukuta, na sindano ya tatuu inauvuka. Pigmenti iliyokaa juu bila neno inaweza kuleta uvimbe wa miaka ikiwa ndani, na nyekundu ndizo zenye sifa mbaya zaidi. Ulaya iliweka masharti makali ya wino wa tatuu kuanzia Januari 2022.

21. Nilipata mzio wa piko nikiwa msichana. Sasa nina miaka arobaini, mvi zimeanza. Naweza kupaka rangi nyingine?

Kinga ikishajifunza PPD haisahau, na mara nyingi inawachukia hata ndugu zake. Rangi nyingi zinazojitangaza kuwa hazina PPD zina toluini-diamini, ambayo ni ndugu wa karibu, na sehemu kubwa ya wenye mzio wa PPD huitikia hiyo pia. Wengine huitikia rangi fulani za nguo za bluu iliyokoza, na dawa ya ganzi ya benzokaini. Mwambie daktari wa meno kabla hajakupaka ganzi.

Hina halisi, ile ya saa nyingi isiyo nyeusi, wengi wenye mzio wa PPD wanaivumilia. Nunua majani makavu, usage mwenyewe.